Ndugu Wawili Katika Boma la Mawe

Katika nchi ya Wajaluo iko desturi moja ambayo hata katika zama hizi za simu na pikipiki mtu mwenye akili haifanyii mzaha, nayo ni hii: mdogo hamtangulii mkubwa wake katika kuanzisha mji. Kijana akisha kuwa mtu mzima hujenga nyumba yake ndogo karibu na lango la baba yake, nyumba iitwayo simba. Mtoto wa kwanza upande wa kuume, na wa pili upande wa kushoto. Humo ataoa, na humo atazaa watoto. Lakini siku moja itampasa atoke akaanzishe mji wake mwenyewe. Hutoka alfajiri, pamoja na mkewe na mwanawe wa kwanza, wakichukua jogoo, shoka na moto, naye baba yake ndiye amwongozaye mpaka mahali pa kujenga. Ikiwa baba amekufa, kazi hiyo huwa ya mzee wa ukoo aliye badala ya baba. Mkubwa akiisha kutoka, ndipo mdogo naye apate njia. Wasuba wa kisiwa cha Rusinga, ambao yasemekana wazee wao walikuja kwa mitumbwi kutoka pande za Uganda, na ambao lugha yao wenyewe imekwisha kumezwa karibu yote na Kijaluo, wameishika desturi hii kana kwamba walizaliwa nayo.

Wako wasemao ya kuwa hayo ni mambo ya kale, na kwamba mwenye fedha na ardhi na ajenge apendapo. Maneno hayo ni mepesi kinywani mwa mtu aliyepanga chumba Nairobi. Kwa mtu akaaye kisiwani, ambaye mtoto wake akiugua homa siku tatu majirani huanza kuulizana kwa sauti ya chini ni mwiko gani uliovunjwa, na kulitaja neno chira, jambo hili si jepesi hata kidogo. Ndivyo lilivyokuwa kwa ndugu wawili wa Rusinga ambao habari yao inaelezwa hapa, wa baba mmoja na mama mmoja.

Mkubwa aliondoka kisiwani mwaka 1976, naye alikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Alivuka kwenda Musoma, kwa mjomba wake aliyekuwa na mitumbwi ya kuvulia, akikusudia kukaa msimu mmoja tu. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, usifunguliwe tena mpaka mwaka 1983. Ni kweli ziwa halina lango, na wavuvi walikuwa na njia zao za usiku; lakini kijana asiye na mashua yake mwenyewe huenda apendapo mwenye mashua. Baba yao akafa katika miaka hiyo. Habari za msiba zilimfikia yule mkubwa watu wakiwa wamekwisha kutawanyika matangani. Mpaka ulipofunguliwa, alikuwa na mke wa Kijita, watoto wawili na wavu wake mwenyewe. Akaja Rusinga, akalilia kaburi, akarudi. Basi safari ya msimu mmoja ikawa maisha ya mtu mzima.

Mdogo alibaki. Nyumba ya kaka yake, ile ya upande wa kuume wa lango, ikaanguka ukuta mmoja baada ya mwingine, mpaka likabaki tuta la udongo ambalo kuku hupenda kuchakura. Yeye mwenyewe aliendelea kukaa katika simba yake ya upande wa kushoto, akaoa humo, akapata watoto sita humo, akaongeza chumba, akabadilisha majani kwa mabati, lakini hakutoka. Mwanawe wa kwanza sasa amepita miaka thelathini, naye amepanga chumba Mbita, kwa kuwa mjukuu hana mahali pa kujenga katika mji wa babu yake. Tena, katika ndugu za baba yao amebaki mmoja tu, baba mdogo mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini, ambaye huamka asubuhi nyingine akiwa hajui jina la mkewe. Huyo akiondoka, wa kuwatangulia alfajiri ile hatakuwapo.

Kila mwaka yule mdogo alipeleka maneno Musoma, kwanza kwa barua, kisha kwa simu. Na kila mwaka jibu lilikuwa moja: "Jenga tu, mdogo wangu. Mimi nimekuruhusu." Naye mdogo alijibu ya kwamba ruhusa ya jambo hili si fedha, haitumwi kwa simu.

Hatimaye mkubwa akaja, mwezi wa Julai, wakati ambapo uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya na vijana huonekana wameketi ufukoni wakishona nyavu. Alipitia Tarime na Sirari, akavuka Isebania, akapanda magari ya Migori, Rongo na Homa Bay hata Mbita. Mpakani ofisa wa uhamiaji aliitazama hati yake ya Tanzania akamwuliza amekuja kwa shughuli gani. Akajibu, "Matembezi." Jioni ile alilisimulia jambo hilo kama kichekesho, na watu wakacheka, lakini mdogo wake hakucheka.

Siku tatu zikapita pasipo neno lenyewe kutajwa. Watu walikuja kusalimu, chai ikanywewa, habari za waliokufa zikaulizwa mmoja mmoja. Siku ya nne mkubwa akasema ya kuwa anataka kwenda kuona Thimlich Ohinga. Mjukuu wake, asomaye Musoma, alikuwa amesoma habari za mahali hapo, akamwagiza picha. Naye aliona haya kumwambia mtoto kwamba yeye, aliyezaliwa upande huo, hakupata kufika. Mdogo naye alikuwa hajapata kufika. Hili si jambo la kushangaza. Watu wa Rusinga wana makaburi na mifupa ya kuwaleta wageni kutoka kila pembe ya dunia: huko ndiko Bibi Mary Leakey alikookota mwaka 1948 fuvu la mnyama wa jamii ya masokwe aitwaye Proconsul, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita, na huko ndiko alikozikwa Tom Mboya aliyeuawa mwaka 1969. Fuvu lile lilipelekwa Uingereza, likarudishwa Kenya mwaka 1982. Wageni huuliza habari zake kila siku, na wenyeji wengi huwaelekeza njia kwa kidole, kisha huendelea na kuanika omena.

Mdogo alikubali upesi, kwa sababu alidhani ya kuwa neno lililoshindikana nyumbani huenda likasemeka njiani. Wakatoka alfajiri, wakavuka mlango wa maji wa Mbita, mahali ambapo katika miaka ya 1980 lilijengwa tuta la kuunganisha kisiwa na bara, na ambapo baadaye liliwekwa daraja ili maji yapate kupita. Mkubwa alilitazama lile daraja kwa makini, maana alipoondoka palikuwa hapana tuta wala daraja. Mtu alivuka kwa mtumbwi. Gari likafuata barabara ya Homa Bay, bonde la Lambwe likiwa upande mmoja. Bonde hilo zamani lilikimbiwa na watu kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale, na leo sehemu yake ni hifadhi ya wanyama ya Ruma, ambayo yule paa mkubwa aitwaye korongo, katika Kenya nzima, anaonekana humo tu.

Ndani ya gari walizungumza habari za samaki. Mkubwa alisema sato, mdogo akasema ngege. Mkubwa akasema sangara, mdogo akasema mbuta. Mkubwa akasema dagaa, na kijana mmoja aliyeketi nyuma akauliza kama mzee huyu ni Mtanzania. Wakajibu wote wawili kwa pamoja, mmoja akisema ndiyo na mwingine akisema la.

Kutoka Homa Bay njia huenda Rodi Kopany, kisha Ndhiwa, kisha huingia katika Kaunti ya Migori. Boma lenyewe liko kiasi cha kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, juu ya mwinuko mdogo wenye vichaka. Maana ya jina lake ni msitu mnene wa kutisha, na ohinga ni boma la mawe. Siku hizi msitu si mnene tena wala hautishi, lakini iko miti ile mirefu yenye utomvu mweupe na matawi yaliyoinuka kama kinara, ambayo Wajaluo huiita bondo, nayo huwafanya watu washushe sauti. Mlangoni alikuwako kijana mwongozaji, mwenyeji wa pale pale, ambaye alimpokea yule mkubwa kwa mikono miwili na kumwita mzee kila alipomsemesha.

Mtu aliyezoea kuona kuta za kale za pwani, kama zile za Gede, ambazo ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, hutazama kwanza ukuta wa Thimlich akitafuta kitu kilichoyashika mawe. Hakipo. Hakuna chokaa, wala udongo, wala jiwe hata moja lililochongwa likapata pembe. Ni mawe ya kuokotwa, makubwa na madogo, ya kila umbo, yaliyopangwa yakashikana yenyewe. Ukuta una urefu wa kwenda juu tangu mita 1 na nusu hata mita 4 na nusu, yaani mahali pengine ni zaidi ya kimo cha watu wawili. Na unene wake kwa wastani ni mita 1. Umesimama tangu karne ya 16.

Mwongozaji aliwaonyesha siri ya kusimama kwake mahali ambapo jiwe moja lilikuwa limeanguka. Ukuta si mmoja bali ni kama kuta mbili: uso wa nje na uso wa ndani, kila mmoja umepangwa kwa mawe makubwa yaliyochaguliwa vizuri, na katikati yake umejazwa mawe madogo madogo yanayozishika nyuso zote mbili zisiachane. Wala haukwenda moja kwa moja. Hupinda na kupinda tena, na mahali pengine mawe yametokezwa nje ili kuuegemeza. Fundi wa siku hizi atakayepima kwa kamba atasema ni kazi ya ovyo. Lakini ukuta ulionyooka, usio na chokaa, husukumwa na upepo, na mvua, na ng'ombe wajikunao, ukalala chini katika miaka michache. Huu uliopinda umewashinda wote hao kwa karne nne na zaidi.

Milango yake ni mifupi na myembamba, na juu ya kila mlango yamelazwa mawe mapana kuwa kizingiti. Mtu huingia ameinama, mmoja mmoja. Ilifanywa hivyo makusudi, ili adui aingiapo atangulize kichwa, na aliye ndani awe amekwisha kumwona. Yule mkubwa, aliyepita miaka sitini na mitano na ambaye mgongo wake umechoshwa na kuvuta nyavu, aliinama kwa shida, akashika jiwe kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono wa pili, akaingia.

Ndani ni kama mji wa Mjaluo ye yote, ila ya kuwa hakuna nyumba. Ziko alama za mviringo mahali ziliposimama nyumba, liko zizi la ng'ombe, yako mawe ya kusagia yaliyochimbika kwa kusagiwa. Nje ya boma kubwa, ambalo huitwa Kochieng, watafiti wamepata mahali wahunzi walipofua chuma. Wala boma hili si la peke yake. Katika nchi ya kandokando ya ziwa wataalamu wamehesabu maboma 521 ya namna hii katika mahali 138. Thimlich ndilo kubwa kuliko yote na lililohifadhika vizuri kuliko yote. Serikali ya Kenya ililitangaza kuwa mahali pa ukumbusho wa taifa mwaka 1981, na mwaka 2018 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni likaliingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Mkubwa akauliza swali ambalo wageni wote huuliza, yaani ni nani aliyejenga. Ni swali la heshima, lakini katika Afrika swali hili lina historia mbaya. Katika nchi ambayo sasa huitwa Zimbabwe uko mji wa mawe uliojengwa vile vile pasipo chokaa, ila mawe yake ni ya matale yaliyopasuliwa yakapata umbo, na ukuta wake mkubwa unafika mita 11 kwenda juu na unazunguka kiasi cha mita 250. Wazungu wa kwanza waliouona walisema ni kazi ya Wafoeniki, au ya Malkia wa Sheba, au ya mtu ye yote awaye, mradi asiwe Mwafrika. Mwaka 1905 mtaalamu David Randall-MacIver alichimba akasema waziwazi kwamba ni kazi ya Waafrika wenyewe. Mwaka 1929 Bibi Gertrude Caton-Thompson akachimba tena akapata vile vile. Hata hivyo serikali ya walowezi wa Rhodesia haikupenda neno hilo lienee, na iliendelea kulichukia mpaka siku zake zilipokwisha. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1980 ilijiita kwa jina la mawe hayo.

Kijana wa Thimlich hakuwa na Malkia wa Sheba wa kumtaja. Alisema ya kuwa wa kwanza yaaminiwa walikuwa watu wa lugha za Kibantu, na baada yao wakaja wengine, na Wajaluo wakaja nyuma yao. Kundi moja lilihama, jingine likaukuta ukuta, likaingia, likarudishia mawe yaliyoanguka, likakaa. Hivyo hivyo mpaka nusu ya kwanza ya karne ya 20, ambapo vita vya kunyang'anyana ng'ombe vilikuwa vimekwisha, watu wakaona hawana haja ya kuinama mlangoni, wakatoka kujenga miji ya wazi yenye ua wa miti. "Mzee," akasema, "ukuta huu hakuna mtu awezaye kusema, ni wa baba yangu peke yake. Kila aliyeingia alitengeneza asichojenga."

Basi mkubwa akapata mahali pa kuanzia. Akamgeukia mdogo wake akasema, "Umesikia? Watu hawa hawakungojana. Mmoja ametoka, mwingine ameingia, akajenga, wala hakuuliza mkubwa yuko wapi. Na mawe hayakuwaangukia."

Mdogo akatazama chini kitambo. Kisha akasema, "Nimesikia, kaka. Lakini waliotoka hapa walitoka wote. Hawakuacha ndugu ndani."

Mwongozaji, aliyekuwa na adabu, akaenda kando kutazama mti.

Baada ya hayo hawakusema tena kwa muda. Wakatembea wakiufuata ukuta kwa ndani, mkubwa akipiga picha za mjukuu wake, na mara mbili alipiga kidole chake mwenyewe. Wakafika penye mwamba uliochimbwa mashimo ya ajua, ule mchezo wa bao ambao Wajaluo hucheza kwa safu mbili za mashimo manane. Mvua ya usiku ilikuwa imejaza maji ndani ya mashimo. Utotoni walicheza mchezo huo kwa mashimo ya kuchimba mchangani, pale Rusinga, na yasemwa mkubwa hakupata kushindwa. Sasa aliinama akayatazama, akasema ya kwamba Musoma amezoea bao la safu nne, na hili ameanza kulisahau; akaanza kuhesabu kwa kidole kete hupandwaje, akakosea. Mdogo akamshika mkono akamwonyesha.

Hapo ndipo mkubwa aliposema neno ambalo hakulisema katika simu zote za miaka yote. Alisema, "Mdogo wangu, unadhani nimekataa kwa kiburi. Mke wangu ni Mjita. Watoto wangu hawajui Kijaluo. Mtoto wangu wa tatu amezikwa Musoma, nyuma ya nyumba, na mama yake hufagia pale kila Jumamosi. Nikiwasha moto Rusinga, ule wa Musoma ataupuliza nani? Watasema nimeanzisha mji ambao wao hawamo. Nami sina miaka ya kukaa miji miwili."

Mdogo hakujibu. Huenda hakuwa na jibu. Wakaanza kutoka.

Mlangoni, mkubwa alipokuwa chini ya kizingiti, mgongo ukamshika. Akasimama palepale ameinama, mkono ukutani, akivuta pumzi. Na kwa kuwa mlango ni wa mtu mmoja tu, mdogo aliyekuwa nyuma yake hakuweza kupita wala kumsaidia. Akangoja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, karibu kama mtu asemaye peke yake: "Kaka, sikuombi uhame Musoma. Nakuomba utoke mlangoni, nipite."

Mkubwa akatoka. Akajinyoosha upande wa pili polepole, akasimama akiutazama ukuta kwa nje. Pale upande wa nje pameongezwa maboma madogo yaliyoegemezwa kwenye boma kubwa, yakitumia ukuta wake kuwa upande wao mmoja. Akamwita mwongozaji akamwuliza hayo ni ya nini. Kijana akasema ya kuwa watu walipozidi ndani, waliongeza nje, mawe mapya yakashikwa na ya zamani. Mkubwa akauliza kama waliokaa katika hayo madogo walihesabiwa kuwa watu wa boma. Kijana akajibu kwamba bila shaka walihesabiwa, maana adui alipokuja wote waliingia mlango mmoja.

Katika kurudi mkubwa alilala, au alifumba macho, tangu Ndhiwa hata Homa Bay. Iko njia ambayo wengi walio mbali huifuata katika jambo hili, nayo ni kusimamisha kibanda kidogo, kulala humo siku chache, na kurudi makwao, ili aliye nyuma apate njia. Wazee wengine huikubali, wengine huiita nyumba ya popo. Mdogo alikuwa miongoni mwa hao wa pili, na mara nyingi alisema hivyo mbele za watu. Lakini karibu na Mbita, mkubwa alipofumbua macho akasema, kama mtu anayeendelea na mazungumzo, "Vyumba viwili vitatosha?" mdogo alijibu upesi sana kwamba vitatosha, na tena akataja bei ya mabati.

Usiku ule wakaenda kwa baba mdogo. Mzee alikuwa na siku njema, aliwatambua wote wawili kwa majina. Mkubwa akaketi kwenye kigoda karibu na miguu yake akamsalimu. Mzee akamtazama sana kwa mwanga wa taa, akamwuliza, "Umekuja kutembea, au umekuja?"

"Nimekuja kuuliza siku, baba," akajibu.

Mzee akasema siku si kitu kigumu, kigumu ni watu. Akauliza mwana wa kwanza yuko wapi. Mkubwa akasema anaendesha lori Mwanza, na Kijaluo hakijui. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akasema jogoo naye hakijui, na bado huchukuliwa. Wakataja mwezi wa Desemba, baada ya mvua za vuli. Mdogo akasema mabati ishirini. Mkubwa akasema thelathini, maana nyumba ya mtu mwenye wajukuu haiwezi kuwa kama kituo cha kungojea gari. Wakabishana juu ya hayo kwa furaha, mpaka mzee akauliza neno ambalo hakuna aliyelitaja: na mwenye kuchukua moto, ataka?

Mkubwa akasema hajaambiwa bado. Akaondoka, akatoa simu yake mfukoni. Pale nyumbani kwa mzee simu hazishiki vizuri, na mwenye kutaka kusikilizana na wa mbali hupanda mpaka kwenye mwinuko ulio nyuma ya zizi. Walioachwa ndani hawakusikia yaliyosemwa. Waliona mlangoni mwanga mdogo wa simu ukienda huku na huku gizani, ukisimama, ukienda tena, kwa muda mrefu, hata chai ikapoa.